Masaa Mawili Yasiyoonekana kwenye Tiketi

Daktari Iturriaga alishika tiketi kwa mkono mmoja na kalamu kwa mwingine, na Merahi akajua kabisa kwamba anakwenda kukosea.

"Ndege inaondoka Santiago saa tatu asubuhi, inatua kisiwani kwenu saa sita na nusu mchana," alisema. "Masaa matatu na nusu. Moyo huu nimeupa masaa manne angani, si zaidi. Basi, mama, nakuruhusu."

Kitandani, Eufrasia, aliyekonda hadi shuka likawa kama halijafunika mtu, alimfinya Merahi, bintiye, kidole. Nyamaza.

Watu wa bara ndivyo walivyo. Wanakitawala kisiwa cha Rapa Nui tangu enzi za mababu, lakini hawakumbuki kwamba saa za kule ziko nyuma yao kwa masaa mawili. Mtoto yeyote wa kisiwani angemwambia: ni kilomita elfu tatu na mia saba, na kwenda kule ndege hupambana na upepo. Masaa matano na nusu, upende usipende.

Bila cheti cha daktari, shirika la ndege lisingempakia mgonjwa. Eufrasia angefia wodini, wiki mbili tatu mbele, kati ya watu wasiomjua. Yeye alitaka kufia kwao. Hakutaka kingine.

Kalamu iligusa karatasi.

"Daktari," Merahi alisema, "ni masaa matano na nusu. Saa zetu ziko nyuma."

Kalamu ikawekwa mezani.

"Mwanaharamu wee," Eufrasia alisema kwa lugha ya kwao. "Nimekuzaa uje kuniuza?"

"Sikuuzi, mama. Kwa uongo sikupandishi, na ndege utapanda." Merahi akamgeukia daktari. "Akibaki hapa, atapona?"

"Hapana."

"Akipanda?"

"Huenda asifike."

"Huenda. Basi andika masaa matano na nusu, andika kwamba tumeambiwa hatari yake, tutie sahihi sote wawili. Sitoki humu bila karatasi."

Daktari alimtazama mgonjwa, labda akitafuta msaada.

"Usinitazame mimi," Eufrasia alisema. "Akisema hatoki, hatoki. Nimemlea mwenyewe."

Daktari akaandika.

Ndani ya ndege mama hakumsemesha. Alinuna pwani ilipopotea, akanuna chai ilipopitishwa, na Merahi akamwacha anune. Lakini masaa manne yalipotimia midomo ya mama ilianza kubadilika rangi, na pumzi ikawa fupi. Merahi aliogopa. Akifa sasa, aliwaza, mimi ndiye niliyemleta huku juu, chini hakuna ila maji.

"Bado kiasi gani?" Eufrasia aliuliza. "Usinibembeleze."

"Saa moja na dakika ishirini."

Mama alifikiri, kama anayepima unga uliobaki kwenye debe.

"Hiyo naiweza," alisema. "Mwingine angeniambia tumekaribia, nami ningejiachia. Kila dakika kumi niambie. Ya kweli."

Merahi akayazuia machozi, akamwambia. Saa moja na kumi. Saa moja. Dakika hamsini. Kila mara Eufrasia aliitikia kwa kichwa, akakaza taya, akavuta pumzi inayofuata.

Magurudumu yaligonga lami. Nje, ukoo mzima ulisubiri jua likiwachoma, na mashada ya maua mikononi. Eufrasia alifumbua macho, akawatazama dirishani mmoja mmoja, kisha akamgusa bintiye shavu.

"Haya," alisema. "Sasa lia."