Wavu Uliolegea

Jiwe lilipita paani, likatua mahali ndama wa Hyasinta walipozoea kulala. Bahati yao walikuwa malishoni. Mzee Thomasi, mwenyekiti wa kijiji pale Kansay, alilizunguka jiwe lile, akatikisa kichwa, akamwambia mjane huyo kwa upole kwamba nyumba ikipigwa tena atahamishiwa tambarare, apende asipende.

Hyasinta alipanda kuziba tundu la paa. Marehemu mumewe aliichimbia nyumba ile ubavuni mwa mlima, mlima wenyewe ukawa ukuta wa nyuma. Kumtoa humo kulikuwa sawa na kumng'oa jino zima.

Shemeji yake Martini, kibarua wa barabara ya kupandia kreta, lile shimo kubwa la volkano, aliomba mabaki ya wavu wa chuma wa kudakia mawe yaliyosalia kazini. Akasimika nguzo juu ya nyumba, akautundika kwa kamba za waya, akauacha umelegea kama shuka iliyoanikwa. Akaonya usiguswe, akaenda Karatu kutafuta saruji ya kuongezea.

Wavu ule ulimkera Hyasinta. Kwa kuwamba ngozi hakuwa na mshindani, na ngozi iliyolegea hujikunja, ikamwaibisha mwenyewe. Akawaita jirani zake, Leonida na Blandina. Wakachonga vigingi, wakaukaza wavu hadi ukawa unalia ukiguswa kwa kidole. Wakashuka wakijisifu.

Alasiri mvua ilibandua jiwe dogo tu, lisilozidi debe. Lilipogonga, kamba moja ilikatika kwa mlio wa bunduki; jiwe likapenya na kusambaratisha banda la kuku, kando kidogo tu ya nyumba.

Martini aliporudi akaviona vigingi.

"Shemeji, huku juu umewamba ngozi ya nani?"

"Nilidhani umelegea kwa uvivu wako."

"Uvivu wangu unaujua. Lakini mtoto akikurukia kutoka darini, mikono unaikaza?"

Hyasinta akaitazama mikono yake, iliyowahi kudaka watoto watano, na mara zote ikarudi nyuma kidogo pamoja nao. Akapanda mwenyewe, akang'oa kigingi hiki, akang'oa na kile, huku akimeza sifa zake moja moja. Martini akaunga kamba.

Juma lililofuata mwenyekiti alikuja kumhimiza afungashe. Kabla hajamaliza, mlima ukanguruma. Jiwe kubwa kama fahali likaporomoka, likivunja miti. Watu wakakimbia, Hyasinta akabaki mlangoni.

Wavu ukalipokea. Ukarudi nyuma, ukavimba kama tumbo la mja mzito, nguzo zikaguna, kisha kukawa kimya. Jiwe lilikuwa limening'inia, halina pa kwenda.

Leonida alipasua kigelegele, bonde likakirudisha. Mzee Thomasi alivua kofia, akacheka hadi akapaliwa, kisha akamshika Martini mkono na kumuuliza kama mabaki mengine yangetosha nyumba za kule ng'ambo.

Hyasinta hakungoja jibu. Alipanda mteremko, akapenyeza mkono kwenye matundu, akaligusa jiwe lililolowa.

"Pumzika," akaliambia.

Wavu ulikuwa bado ukipanda na kushuka taratibu, naye akajikuta anapumua nao.