Shikamoo, Mwanangu

Jumamosi asubuhi msusi aliamka na kichwa kizito, akakuta uji uko tayari mezani, na kwa mang'amung'amu ya usingizi akamwamkia aliyeupika.

"Shikamoo."

"Marahaba," akajibu binti yake wa darasa la tatu, akaendelea kusugua sufuria.

Msusi akakaa na kijiko mkononi, uji haushuki. Si kwamba jambo lenyewe lilikuwa geni. Kila usiku aliorudi nyumbani akipepesuka, mtoto alizeeka kidogo. Mwanzoni zilikuwa mvi chache tu juu ya paji, naye akazificha vizuri ndani ya mikia ya nywele, maana kazi yake anaijua. Kisha magoti yakaanza kuuma, mgongo ukapinda, na meno ya utotoni yakang'oka bila mengine kuota. Sasa alikuwa bibi kizee mzima, mwenye sare ya shule iliyoongezwa kitambaa kiunoni. Shuleni walimsogeza kwenye dawati la mbele kwa ajili ya macho, na mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa akimpisha mlangoni. Majirani walishazoea. Walisema msusi ana bahati, kapata mtu mzima wa kumwangalizia nyumba.

Lakini kumwamkia mtoto uliyemzaa mwenyewe, jamani! Tena baada ya uzee ule kinachofuata kila mtu anakijua, na msusi hakutaka kumzika mwanawe kwa uzee.

Mteja wake mmoja, muuza vitambaa, alishamdokeza siku moja akiwa katikati ya kusukwa. Alisema kuna watu wanaotaka kuacha pombe, hukutana Jumamosi alasiri kwenye zahanati iliyo jirani na karakana ya magari. Siku ile msusi alimvuta nywele makusudi hadi machozi yakamlengalenga. Leo alifunga saluni mapema, akamshika mtoto mkono, wakaenda mdogo mdogo kwa sababu ya magoti.

Getini mlinzi akawauliza wanatafuta nini.

"Kile kikao... cha afya," msusi akasema kwa sauti ya chini.

"Cha walevi? Zunguka nyuma, pita matangi ya maji, mlango wa kijani. Bibi akae benchini hapo nje ya mlango na watoto wenzake."

Benchini walikaa vikongwe kadhaa, mikoba ya shule mapajani. Mzee mmoja mwenye upara alikuwa analalamika kwamba kaporwa zamu yake ya kukaa pembeni. Wakasogea, binti akapata nafasi, na papo hapo wakaanza kumwonyesha mchezo wa vidole.

Msusi alisimama mlangoni. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la pombe. Alikuwa ameliona kabla hajaiona zahanati.

"Ingia, mama," binti akasema. "Mimi nipo."

Akaingia. Ndani kulikuwa na viti vya plastiki, chupa kubwa ya chai na feni iliyozunguka kwa kujilazimisha. Aliyeongoza alikuwa fundi bomba, mtu asiyependa maneno mengi. Watu walizungumza kwa zamu, kila mmoja kachoka kwa namna yake. Msusi alikuwa amejiandaa kusema kwamba yeye huonja tu, tena kwa mawazo. Zamu yake ilipofika, mdomo ukamgeuka.

"Nakunywa," akasema. "Mwanangu amezeeka."

Wakatikisa vichwa, kama mtu kasema basi limechelewa.

"Yuko darasa la ngapi?" akauliza mama mmoja.

"La tatu."

"Wangu alikuwa chekechea," mama yule akasema, akammiminia chai.

Msusi akapokea kikombe. Akauliza kile kilichomleta.

"Nikiacha, atarudi utotoni?"

Fundi bomba akatazama dirishani. "Yule mwenye upara ni wangu. Sijagusa pombe miaka mingi sasa. Hajarudi nyuma hata siku moja."

"Sasa faida yake nini?"

"Anabaki hapo alipofika. Anazeeka taratibu, kama watu wengine."

Hasira zikampanda msusi. Amekuja kwa jambo moja tu, na ndilo hilo analonyimwa! Akainuka, akatupia mkoba begani. Halafu akakaa tena, kwa kuwa mlango ulikuwa mmoja, na ukitoka unaonana na benchi. Alikaa mpaka kikao kikaisha, akakubali kuja Jumamosi nyingine.

Walipotoka getini, binti akamvuta mkono.

"Mama, wamesema meno yangu yataota?"

Kwa miaka yote msusi alikuwa amemlisha mtoto huyu uongo: narudi sasa hivi, leo sinywi, kesho ndiyo mwisho. Alijisikia kuchoka hadi kwenye mifupa.

"Hayataota, mwanangu."

Binti akasimama katikati ya njia, akaangua kilio, mdomo wazi, kamasi zinamtoka, anakanyaga chini kwa miguu yote miwili. Mwanamume aliyekuwa akipita na ngazi begani akasimama, akamgeukia msusi.

"We binti, huoni haya? Unamliza mama yako mzazi barabarani?"

"Naona," msusi akasema, akachuchumaa ili mtoto apande mgongoni.