Ardelia Hatoki

Haya niliambiwa na Verlene Meekins Agosti iliyopita, tumekaa kwenye ngazi za mbele ya nyumba yangu tukila kaa wa kuchemsha, tumewatandaza juu ya magazeti. Verlene ni mdogo wake Ardelia, tumbo moja. Aliyaona kwa macho yake, kwa sababu wiki ile alihamia kwa dada yake na mfuko wa dawa zake na mto wake, maana hapendi mito ya watu.

Ardelia alikuwa mpangaji katika nyumba ile ya Mtaa wa Pruitt miaka ishirini na sita kabla hajainunua. Alifua mashuka ya hospitali mpaka vidole vikapinda, na mwaka aliostaafu mwenye nyumba akakubali kumuuzia. Watu walimcheka. Safu yao ilikuwa na nyumba kumi na moja zilizoshikana, ukuta mmoja watu wawili, na ya Ardelia iko katikati. Wakati ule zote kumi za jirani zilishahamwa, madirisha yamepigwa mbao.

"Dada, umenunua jino moja kwenye kinywa cha kibogoyo," Verlene akamwambia.

"Moja linatosha kung'ata."

Hata mwezi haujaisha, barua ikaja. Jiji linabomoa zote kumi. Yake itaachwa, kwa kuwa ina mtu na hati anayo. Ardelia hakuwa na neno. Nyumba zile zilikuwa za panya na mvua. Alichotaka ni kimoja tu, zikishaanguka za wenzake, yake ibaki imesimama.

Aliyemtia hofu ni Mzee Thaddeus Cornish wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa mwashi tangu ujana wake. Aliingia sebuleni, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Bi Ardelia, boriti zinazobeba sakafu yako zimechomekwa humu ukutani. Na za jirani zimechomekwa humu humu kutoka upande wa pili. Zile zikivutwa na katapila zitaondoka na ukuta, na sakafu yako itafuata."

"Sasa nifanyeje?"

"Hizi nyumba mbili ulizopakana nazo lazima wazibomoe kwa mkono, tofali kwa tofali. Ndiyo masharti ya jiji, pakiwa na mtu ndani."

"Na pasipokuwa na mtu?"

"Pasipokuwa na mtu, mama, nani atauliza?"

Jumatatu akaja nyapara wa wabomoaji, jina lake Dutrow, kofia ya njano, meno mazuri. Alimkuta Ardelia amepiga magoti, anasugua ngazi zake za mawe meupe kwa brashi na sabuni, kama tunavyofanya wanawake wa mitaa hii.

"Habari za asubuhi, mama. Nimekuletea zawadi. Hoteli, siku tano, bure. Ina bwawa la kuogelea."

"Sijui kuogelea."

"Televisheni kubwa kama mlango."

"Ninayo yangu. Inawatoa watu wa kijani, lakini nimeshawazoea."

"Vumbi litakuua, mama. Weka saini hapa, kwamba utakuwa umetoka."

Mzee Cornish alikuwa amekaa kwenye kiti chake ng'ambo. Akapaza sauti: "Bi Ardelia! Isome kwa nguvu, nami nisikie!"

Ardelia akavaa miwani, akasoma polepole. Mstari wa nne ulisema nyumba haina mkaazi. Aliikunja ile karatasi mara mbili, akafutia povu la ngazi ya chini, akamrudishia mwenyewe.

"Sitoki."

"Nikiwasha lile dude utatoka mbio, viatu mkononi."

"Kwa magoti haya? Labda uje unibebe, baba. Na mimi ni mzito, muulize marehemu mume wangu."

Verlene anasema hapo alicheka, lakini kesho yake hakucheka tena. Siku mbili katapila lilikula zile nyumba nane za mbali, nne huku, nne kule. Sahani zilitembea kabatini. Picha ya baba yao ikaanguka, kioo kikapasuka. Wakazishusha picha zote wakazilaza kitandani, wao wakalala kwenye makochi na nguo zao. Ardelia alipiga simu ofisi ya jiji, akaambiwa mkaguzi atafika Alhamisi, saa nane mchana.

"Dada, twende kwangu," Verlene akamsihi. "Ni matofali tu."

"Yako ni matofali. Mimi hii hata mwezi sijailala kwa jina langu."

Alhamisi, saa mbili asubuhi, si saa nane mchana, katapila likasimama mbele ya nyumba ya kushoto, ukuta kwa ukuta na Ardelia. Dutrow akapunga mkono. Lile dude likaanza kunguruma.

Ardelia akavuta kiti mpaka kwenye ukuta wa kushoto. Akakaa. Akavua kiatu cha kulia, akagonga kwa kisigino: ta, ta, ta. Akapumzika. Ta, ta, ta. Kwetu huku hata mtoto anaijua hiyo. Jirani anakwambia kelele zako zimezidi.

Mwendesha katapila, Renard Quarles, alikuwa ameegemeza kijiko cha lile dude kwenye tofali ili apime. Mngurumo ulipopungua akasikia, akazima injini.

"Mbona umezima?" Dutrow akauliza.

"Kuna mtu anagonga."

"Panya."

"Panya gani wa mara tatu tatu?" Renard akashuka. "Mimi nimezaliwa kwenye nyumba za ukuta mmoja, bosi. Bi Zenobia wa upande wa pili akigonga hivyo, baba yangu anapunguza redio, hata kama ni fainali."

"Huyu si Bi Zenobia wako!"

"Ni wa mtu. Karatasi yake ya kutoka iko wapi? Tuonyeshe."

Dutrow hakuwa na karatasi yenye saini. Akapanda mwenyewe kwenye kiti cha katapila na kuliwasha. Humo ndani Ardelia akazidisha kisigino. Verlene, aliyekuwa akilia, akachukua sufuria na mwiko akapiga ukuta wa kulia, asijue kwa nini wa kulia. Mzee Cornish akavuka barabara taratibu, kiti mkononi, akakiweka mbele ya minyororo ya lile dude, akakaa, akakunja nne.

"Mzee, toka hapo!"

"Napumzika, kijana. Kule kwangu jua limezidi."

Wafanyakazi sita walikuwa wamesimama wakitazama. Renard akaenda garini akarudi na nyundo na tindo. Akapanda darini mwa ile nyumba tupu, akang'oa tofali la kwanza, akalishusha kwa mkono. Wa pili akamfuata, kisha wakaenda wote. Dutrow akabaki juu ya katapila linalonguruma, kofia yake ya njano kichwani, mpaka akachoka kuwa peke yake. Akazima.

Mkaguzi alipofika saa nane, alikuta kazi inaendelea kwa mkono. Kwa hiyo hakuwa na la kuuliza, ila aliagiza iendelee hivyo hivyo pande zote mbili.

Ilichukua siku sita. Ardelia hakutoka hata kwenda kanisani. Verlene alimletea samaki wa kukaanga na mkate wa mahindi, akala kiatu kikiwa mapajani. Kila jioni Renard alikuwa akigonga mara moja kutoka upande wa pili kabla ya kushuka, na Ardelia akijibu mara moja.

Siku ya sita mchana mkaguzi akarudi na kamba na timazi. Akapima ukuta wa kushoto, akapima wa kulia, akaingia chini ya sakafu na tochi. Ardelia akamfuata nyuma kila hatua.

"Boriti zako hazijasogea," akasema, suruali imejaa vumbi. "Nyumba ni nzima."

"Andika."

"Nitaandika nikifika ofisini, mama."

"Hapa."

Akaandika pale pale, juu ya meza ya jikoni, akatia saini. Dutrow na watu wake wakapakia vyombo vyao wakaondoka. Nje Mzee Cornish alikuwa ameshasinzia kwenye kiti chake, kidevu kifuani, na jua bado kali. Ardelia akajilaza kwenye kochi, saa kumi kamili.

"Dada," Verlene akamwambia, "sasa huna jirani hata mmoja. Ukiumwa utamgongea nani?"

"Wewe si upo kochi la pili?"

"Mimi nakwenda kwangu kesho."

"Huendi. Mto wako unao."

Verlene alitaka kumjibu, lakini alimsikia ameanza kukoroma. Akasema ngoja anyooshe miguu kidogo tu, halafu afunge mlango wa mbele. Alipozinduka asubuhi mlango ulikuwa umefungwa, na anasema hajui nani aliufunga.