Stimu ya Bwana Msabah

Baada ya sala ya alasiri, Hija Makungu aliteremka katika chumba cha mashine cha boti ya uvuvi iliyofungwa Malindi, akavua kofia, akaitundika kwenye msumari, na kuanza kukwangua vichwa vya betri kwa msasa. Vilikuwa vimepakwa sifa. Mabaharia wa boti ile walifunzwa tangu utotoni kwamba kila kitu cha chombo kinachoguswa na hewa ya chumvi hupakwa sifa, mafuta ya ini la papa, ili kisiliwe, na walipokabidhiwa chombo chenye injini, dainamo na simu ya upepo ya kuitia bandari, waliyaendeleza mafunzo hayo kwa uaminifu. Walipaka mbao, wakapaka nanga, wakapaka betri. Umeme haupiti vizuri kwenye sifa. Taa zilififia, simu ya upepo ikakoroma kisha ikanyamaza, na Bwana Msabah, mwenye boti, akamwita fundi.

Bwana Msabah alifurahi kusikia habari za sifa. Alipenda kila hitilafu yenye harufu ya mabaharia.

"Nshasema mimi," alisema kutoka gatini, ameziba pua kwa leso. "Hawa watu ukiwapa eropleni wataipaka sifa."

"Wataipaka, Bwana. Lakini betri zenyewe kongwe. Hata zikisafishwa hazitakaa na moto."

"Wewe safisha."

Hija alisafisha. Hakuwa mnyenyekevu wala mpole. Katika karakana yake ya Mlandege wateja waliogopa maneno yake kuliko bei yake, na alikuwa na mazoea ya kutomwamini mtu yeyote anayeeleza sababu ya hitilafu, hata kama mtu huyo ni yeye mwenyewe. Alizichukua betri, akazijaza moto, akazirudisha. Kufika adhuhuri ya siku iliyofuata zilikuwa tupu, ingawa hakuna aliyewasha kitu.

Alifanya kama ifanywavyo. Alifungua waya mmoja baada ya mwingine: wa taa za sitahani, wa taa ya dira, wa simu ya upepo, wa dainamo. Baada ya kila waya aliitazama sindano ya mita. Haikushuka. Umeme uliokuwa ukitoka ulikuwa sawasawa na matumizi ya taa moja ya kuvulia. Umeme haupotei, huenda mahali, na Hija alianza kutafuta mahali penyewe. Aligundua kuwa waya wa taa ya mtumbwi haukuwa umekunjwa katika nafasi yake. Ulikuwa umepitia tundu la tezini, nyuma ya chombo, na kuingia majini, umekaza kama mshipi ulionasa samaki. Aliufungua nao. Sindano ikabaki palepale.

Waya ule ulikuwa na habari yake. Boti ilivua dagaa siku za giza, mwezi usipoonekana. Mtu mmoja alikaa katika mtumbwi mbali kidogo na boti, ameshika mti wenye taa, na waya ukatoka kwenye betri hadi kwake. Dagaa walifuata taa, nyavu zikafuata dagaa. Mshika taa alikuwa Pandu, mtu wa Mkokotoni. Katika giza moja la mwaka ule wa 1956, taa yake ilififia na kuzimika kwa sababu betri zilikuwa kongwe, na meli iliyokuwa ikija bandarini, isiyoona kitu mbele yake, ilipita juu ya mtumbwi na kuukata waya. Nahodha aliinua simu ya upepo kuomba msaada. Simu ya upepo ilitegemea betri zilezile. Pandu hakupatikana.

Betri mpya zilikuwapo. Zilinunuliwa kwa ajili ya boti, zikateremshwa bandarini watu wakitazama, kisha zikapelekwa Bububu, ambako Bwana Msabah alikuwa na nyumba ya shamba isiyofikiwa na umeme wa mji. Huko ziliwasha taa za ukumbini na kuendesha redio kubwa wageni walipokwenda kupunga upepo. Tume iliyoundwa kuchunguza kifo haikuuliza habari za Bububu. Iliamua kwamba Pandu aliizima taa mwenyewe ili apate kulala. Kwa kuwa kosa lilikuwa la mtu, na mtu alikwisha kufa, hakuna kilichohitaji kubadilishwa.

Hija aliinama tezini na kutazama. Chini, karibu na mchanga, taa ilikuwa inawaka. Mchukuzi aliyepita na gunia la karafuu naye alichungulia, akasema kwamba kwa taa ya mchana inawaka vizuri, akaendelea na mzigo wake.

Simu ya upepo, ambayo haikuwa imeungwa na chochote, ilikohoa.

"Fundi," ilisema kwa sauti ya Pandu, "betri hizi umezitoa wapi? Baiskeli ya nani umeiacha bila taa?"

"Ni zilezile. Nimezikwangua tu."

"Basi huko juu mko vilevile."

"Unazimaliza. Zima hiyo taa."

"Nikiizima watasema nimelala."

Hija hakuona kasoro katika jibu hilo. Alivaa kofia, akaenda Ng'ambo kumwita mke wa Pandu.

Mashavu alifika na buibui lake na kikapu chake, akaketi juu ya sanduku mbele ya simu ya upepo. Aliuliza kwanza kama mumewe anakula. Pandu akajibu kwamba alipo hapana shida ya kitoweo, ila wali ndio umekuwa hadithi. Walizungumza kidogo kuhusu paa linalovuja. Kisha Mashavu akasema:

"Kurwa amechukuliwa kushika taa."

"Kurwa gani?"

"Kurwa ndugu yangu. Unawajua Kurwa wangapi wenye upumbavu wa kiasi hicho?"

Kurwa mwenyewe alikuwa hapo sitahani akishona wavu. Alikuwa na mke mwenye mimba na hakuwa na kazi nyingine. Alisema, "N'nakusikia, dada," na kuendelea kushona.

"Lini?" aliuliza Pandu.

"Alhamisi, giza likiingia."

"Kwa betri hizi?"

"Kwa betri hizi."

"Mwambieni Msabah azilete za Bububu," alisema Pandu. "Mimi sitaki kingine."

Habari zilimfikia Bwana Msabah, naye akaja pamoja na afisa aliyeiongoza ile tume, kwa kuwa siku hiyo walikuwa wanakwenda Bububu kwa gari moja. Bwana Msabah alitazama majini kwa makini, kama mtu anayetazama shamba lake likivunwa na jirani.

"Stimu hiyo ni yangu," alisema.

"Naam," alijibu Hija.

"Shikamoo, Bwana," ilisema simu ya upepo.

"Marahaba. Nani kakuruhusu kutumia stimu yangu?"

"Uliniajiri nishike taa, Bwana. Hujanifukuza."

Bwana Msabah alifikiri, akaona kuwa ni kweli, na jambo hilo likamuudhi.

Mashavu alimgeukia afisa. "Bwana mkubwa, mliandika kwamba mume wangu alizima taa akalala. Tazama mwenyewe."

Afisa alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akainama. Alikuwa mtu mwangalifu. "Inawaka," alikiri. "Inawaka vizuri sana."

"Basi?"

"Basi uamuzi ulihusu usiku ule, Bibi. Haukuhusu alasiri ya leo."

"Muulize habari za usiku ule. Yupo hapo, anakusikia."

"Tume imekwisha kuvunjwa. Na maneno yake hayawezi kupokewa bila kiapo."

"Nileteeni msahafu," alisema Pandu.

"Msahafu utarowa," alisema afisa kwa upole, na hilo likamaliza shauri.

Wakati huo dagaa walikuwa wamekwisha kukusanyika. Mchana kweupe, ndani ya bandari, walikuwa wakiizunguka taa ya Pandu kwa wingi kiasi kwamba mchanga haukuonekana. Uso wa Bwana Msabah ulilainika kwa mara ya kwanza siku ile. Alimuuliza fundi taa ile inakula stimu kiasi gani. Ya taa moja, alijibiwa. Bwana Msabah akaamua kwamba marehemu aachwe kazini, bila ujira, kwa kuwa hana matumizi, na kwamba Kurwa ashike taa ya pili juu yake. Waya mpya ungeungwa kwenye betri zilezile.

"Betri hizi hazimudu taa moja, Bwana," alisema Hija. "Ukiweka mbili zitazimika zote, na simu ya upepo pamoja nazo. Lete za Bububu."

"Za Bububu zina kazi."

"Mtu atakufa."

"Sifa hukuikwangua?"

"Nimeikwangua."

"Basi."

Hija alikataa kuunga waya wa pili. Alisema maneno ambayo mabaharia waliyakumbuka kwa muda mrefu, yakiwamo mengine kuhusu mama wa afisa, na afisa mwenyewe alikuwa kando akisoma saa yake. Kukataa kwake hakukuzuia kitu. Kuunga nyaya mbili ni kazi ya mtu yeyote mwenye vidole, na bahari haikosi watu wenye vidole na njaa. Mmoja wao aliufunga vizuri, kisha, ili usiliwe na chumvi, akaupaka sifa.

Alhamisi Mashavu alikuja kabla boti haijafungua kamba. Aliketi juu ya sanduku lilelile, mikono mapajani. Mdogo wake alikuwa nyuma yake akishusha mtumbwi.

"Nshajua unalotaka kuniambia," ilisema simu ya upepo.

"Sijakuambia kitu."

"Ndiyo maana nimejua."

"Mimi n'najua hukulala," alisema Mashavu. "Mimi n'najua, na Kurwa anajua."

"Nyinyi wawili si tume."

"Si tume," alikubali Mashavu. Alikaa hadi nahodha alipomwomba ashuke.

Ijumaa asubuhi boti ilirudi imejaa, na Kurwa alikuwamo. Alimweleza dada yake gatini, akiwa bado na maji ya chumvi katika nywele, kwamba usiku taa yake ilikuwa nyekundu kama mkaa unaokufa, na taa za meli zilikuwa zimeonekana upande wa kusini. "Nikatazama chini. Shemeji akaizima yake. Yangu ikasimama nyeupe. Meli ikakata kona." Alikwenda kusali.

Hija alipima. Sindano ilikuwa imelala kwenye sifuri. Majini palikuwa na mchanga na chupa iliyovunjika.

Bwana Msabah alikuja kuhesabu vikapu vyake, akatazama tezini, na kumwita afisa aje kushuhudia. Afisa alikubali kwamba taa imezimwa, kwamba imezimwa kazini, na kwamba aliyeizima ni Pandu mwenyewe. Kwa kuwa jambo hili lilithibitisha uamuzi wa kwanza, aliona tume haikuhitaji kuitishwa tena. Pandu alifukuzwa kazi siku hiyohiyo. Mashavu alimtazama afisa machoni, akamwambia kwamba yeye ni mwongo na kwamba anajua kuwa ni mwongo. Afisa alimtakia asubuhi njema na kupanda gari la Bwana Msabah.

Simu ya upepo haikusema tena kwa sauti ya Pandu. Hija aliichukua kuitengeneza bure, akaifungua yote, akapiga lehemu, akaiunga upya, akaiunga tena, hata wateja wa Mlandege wakaacha kumpitia. Ilipokea sauti za mabaharia wa mbali na matangazo ya hali ya hewa tu.

Jioni za wiki ile, waliopita kwa baiskeli barabara ya Bububu waliisikia redio ya nyumba ya shamba ikiwa na sauti safi isiyoyumba, na taa za ukumbini ziliwaka hadi wageni walipochoka. Giza lililofuata Kurwa aliteremka tena katika mtumbwi. Betri zilikuwa zimechoka zaidi kuliko mara ya kwanza, na chini yake hapakuwa tena na taa nyingine ya kuzimwa.