Salamu ya Mkono Mmoja

Jumanne, tarehe 14 Mei 1996, saa tatu asubuhi, ndipo mambo ya Bukuru yalipoharibika, naye mwenyewe yuko kwenye foleni ya maji, katika kambi ya wakimbizi wa Burundi, hana habari.

Binti yake Nimpaye alisoma darasa la tatu katika shule ya kijiji, huko Mugoma. Ilikuwa hisani tupu. Bukuru alizunguka maofisini miezi mitano kuipata, tangu Kaneza mkewe azikwe. Shule ya kambini ilikuwa turubai lisilo na mwalimu.

Siku hiyo mwalimu Ernesta alifundisha salamu za Kiingereza. Kitabu kilicholetwa na wakubwa kilisema Mwingereza humtazama mtu usoni na kumpa mkono mmoja. Watoto wakajaribu wao kwa wao, wakicheka. Mara mkaguzi wa shule akaingia. Nimpaye akamwendea wima, akamkazia macho, akanyoosha mkono mmoja, akamsabahi kwa Kiingereza.

Na kwa Wahangaza, wenyeji wa hapo, kama kwa Warundi, mtoto huinama, mikono miwili, macho chini.

"Wa nani huyu asiye na adabu?"

"Nimemfundisha mimi, mzee," Ernesta akasema.

"Umemfundisha kunipima?"

Akaitaka rejista, akajua ni mtoto wa kambini, akalikata jina.

Alhamisi Bukuru akaenda ofisini kwa mkaguzi. Akainamisha kichwa, mkono wa kushoto umeshika wa kulia, macho kwenye viatu vya mkubwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nitazame ninaposema nawe. Anayeficha macho ana jambo."

"Ni heshima, mzee."

"Heshima ungemfundisha mwanao. Kibali cha kutoka kambini kiko wapi?"

Hakuwa nacho. Mgambo akamsindikiza mpaka kwenye kizuizi, akamwambia akionekana tena atalala ndani. Ndio wakubwa hao: wanaleta kitabu, wanafundisha nusu, kisha wanamwadhibu aliyeelewa. Na kambi haina mlango mwingine.

Jumamosi Ernesta akaja kambini mwenyewe. Mkaguzi angerudi Jumatatu. Mtoto amsalimu upya mbele ya darasa zima, akiridhika, jina litarudi. Asiporidhika, basi.

Nimpaye alifua sare, akaianika juu ya kamba ya hema, akaja kuchuchumaa karibu na baba yake.

"Baba, ni kipindi cha Kiingereza tena. Nikimsalimu, nitazame wapi?"