Tayebali Aulizwa Mwenyewe

Tangu sukari impande, Tayebali hakuwahi kumjibu daktari swali hata moja. Kazi hiyo aliichukua mkewe, Munazza. Mzee ambaye dukani kwake Ndia Kuu aliweza kumuuzia mtalii birika lililotoboka, na mtalii akashukuru, akiingia kliniki huwa bubu.

"Shikamoo, baba. Waendeleaje?" aliuliza Daktari Dama, binti mpole aliyehamia pale karibuni.

"Aendelea vizuri," alijibu Munazza, akiiweka sawa rida yake kichwani. "Ila usiku aamka kukojoa, hanipi usingizi."

"Chakula je?"

"Mchicha wa kuchemsha. Samaki wa kuchemsha. Chumvi hajaiona tangu Ramadhani."

"Atembea?"

"Kila jioni, hadi Ngomeni! Hata mvua inyeshe, yeye huyoo!"

Tayebali alivitazama viatu vyake kwa makini.

Daktari alisoma majibu ya maabara, akaguna. "Mtu anayekula hivi na kutembea hivi, sukari ikiwa bado juu, basi vidonge vimeshindwa. Tutaanza sindano. Kila siku, baba, hapa tumboni."

Tumbo la Tayebali likarudi ndani lenyewe.

"Nionyeshe tu," alisema Munazza. "Nitamdunga mimi."

Munazza! Ambaye hata kitambaa cha kushona hukidunga kama kimemtukana!

"Daktari," alisema Tayebali. Sauti ilimtoka nyembamba, ya mkwaruzo, kama redio iliyosahauliwa kabatini. "Si mliniambia nitembee?"

"Ndiyo, baba."

"Basi nikitembea nafika Ngomeni. Nikifika Ngomeni, viazi karai vipo. Vya moto. Na ukwaju."

Munazza akafungua kinywa. Daktari akainua mkono taratibu. "Uniwie radhi, mama. Sasa nataka kumsikia mwenyewe. Na cha kunywa, baba?"

"Maji ya miwa. Glasi kubwa."

"Kila jioni?"

"Mvua ikinyesha naongeza nyingine. Nangojea ianuke."

Daktari aliuma kalamu asicheke. Tayebali akafumba macho kungoja radi ya mkewe. Haikupiga. Alipoyafumbua, Munazza alikuwa akifuta machozi kwa ncha ya rida.

"Mchicha ule nakula na wewe," alisema. "Ili usijione mgonjwa peke yako."

"Nilidhani waupenda."

"Nani apendaye mchicha usio na chumvi? Mbuzi? Mimi na viazi karai, bwana wee! Nikipita pale Ngomeni naziba pua nisije nikaanguka!"

Tayebali akamtolea mkewe leso mfukoni.

"Haya," alisema Daktari Dama. "Sindano tuiweke kando kwanza. Maji ya miwa yakome leo, kisha tupime tena. Na matembezi yahamie Kizingo, mwende pamoja. Kule hakuna kinachouzwa, ni mageti ya matajiri matupu."

"Na viazi?" swali lilitoka haraka.

Daktari alimgeukia Tayebali kumjibu. Tayebali akatikisa kichwa, akamwonyesha mkewe kwa kidole. "Aliyeuliza ni huyu."