Muziki Usio na Marehemu

Papa Félicien, mkurugenzi wa redio moja pale Kalemie, alimpa Evodie nusu saa tu ya kupiga muziki hewani, Jumamosi asubuhi. "Ikipendwa, inabaki. Isipopendwa, unarudi kusoma matangazo." Basi! Miezi minane Evodie alikuwa amemsumbua mzee wa watu juu ya wanamuziki wasiojulikana, wale wanaojirekodi wenyewe nyumbani bila mfadhili, na leo ndiyo leo.

Alimchagua Ghislain, fundi wa umeme kule Bendera. Jamaa alikuwa amenasa ngurumo ya mitambo ya kazini, akaichanganya kwenye kompyuta na likembe ya babu yake, ile ala ndogo ya kupigwa kwa vidole gumba. Hakuna anayeimba, hakuna tajiri anayetajwa jina ili atoe pesa. Siku Evodie alipousikia muziki huo mara ya kwanza kwenye simu, maharage yaliungua jikoni, wala hakujuta.

Saa tatu kamili akauachia bila kusema neno, ili watu washtuke vizuri. Loo, walishtuka kweli!

Kalemie nzima inajua: redio ikipiga muziki usio na sauti ya muntu, kuna msiba, subiri jina. Na Evodie, aliyesoma matangazo ya vifo miaka mitatu, ndiye aliyesahau! Simu zikaanza kulia. "Njo nani amekufa?" "Ni wa upande wetu?" Papa Félicien akaingia studio mbio, jasho linamtoka.

"Evodie! Mke wangu yuko barabarani analia! Anamlilia nani, hata hajui!"

Aibu ikamshika Evodie mpaka masikio yakawaka. Akapunguza sauti ya muziki, akafungua mikrofoni. "Ndugu wasikilizaji, mutusamehe. Hakuna aliyekufa. Ni muziki tu wa Ghislain wa Bendera, naye ni muzima kabisa." Akauzima. Nusu saa yake, aliona, imekwenda na maji.

Simu ikalia tena. Alikuwa Mama Agnès, muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, pale sokoni.

"Hakuna mufu?"

"Hakuna, Mama."

"Hata mumoja?"

"Hata mumoja."

Mama Agnès akacheka mpaka akakohoa. "Basi rudisha toka mwanzo, mwanangu. Nilikuwa ninahesabu watoto wangu, sikusikia vizuri. Na hapa sokoni wote wanaungoja."

Evodie akamtazama mkurugenzi. Papa Félicien akajifuta jasho, akavuta kiti, akaketi.

"Rudisha," akasema. "Lakini Jumamosi ijayo, uanze kwa kutuambia kwamba watu wote ni wazima."